Lugha Ina Wenyewe: Hatua za Kuanzisha Somo la Lugha ya Waaborijini katika Shule ya Msingi

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania, sasa zinaishi Australia. Watoto wao wanasoma shule za msingi za huko, na baadhi yao hurudi nyumbani na salamu ambazo wazazi hawajawahi kuzisikia: si Kiingereza, si Kiswahili. Ni salamu za lugha za Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa bara hilo. Shule nyingine bado hazijaanza kuzifundisha lugha hizo, na wazazi na walimu wanauliza waanzie wapi, waende kwa nani, na itawagharimu kiasi gani.

Makala haya yanakuongoza hatua kwa hatua, uwe mzazi, mjumbe wa kamati ya shule au mwalimu. Mifano mingi ni ya Kigumbaynggirr, lugha ya pwani ya New South Wales upande wa Coffs Harbour na Nambucca Heads, kwa sababu huko kazi hii imefanyika kwa miaka mingi na matunda yake yanaonekana. Shika neno moja tangu sasa: lugha ina wenyewe. Ukianzia kwao, mambo mengine yatakaa sawa. Ukianzia kwenye vitabu na fedha, utajikuta na somo lisilo na mwalimu wala baraka.

Kwa nini tuanze kwa kuomba ruhusa?

Waingereza walipoanza kuhamia Australia mwaka 1788, bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250, mbali na lahaja zake. Lugha hizo hazikufifia zenyewe. Watu waliuawa na kufukuzwa katika ardhi yao. Katika misheni na makazi ya serikali, watoto walikatazwa kusema lugha ya mama, na wengi waliadhibiwa waliposikika wakiisema. Wengine walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao na kulelewa mbali. Hao ndio wanaoitwa leo Vizazi Vilivyoibwa, na serikali ya Australia iliwaomba radhi rasmi tarehe 13 Februari 2008.

Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta lugha zisizopungua 123 zinazotumika au zinazofufuliwa, na katika hizo ni 12 tu zilizoonekana kuwa bado zina nguvu. Kwa hiyo mzee unayemwendea kuhusu somo la lugha huenda mama yake aliificha lugha hiyo ili watoto wake wasichukuliwe. Kwake si suala la ratiba ya shule tu. Anaweza kufurahi, anaweza kulia, anaweza kukuambia urudi mwezi ujao. Yote matatu ni majibu ya kuheshimiwa.

Sheria nayo iko upande huo. New South Wales ilikuwa jimbo la kwanza la Australia kutunga sheria ya lugha za Waaborijini, mwaka 2017. Sheria hiyo inatamka kwamba Waaborijini ndio walinzi wa lugha zao na wana haki ya kuamua zikuzwe vipi.

Hatua ya 1: Jueni mko kwenye ardhi ya nani

Shule kwa kawaida hufundisha lugha ya ardhi iliposimama. Hata kama darasani mna mtoto wa jamii nyingine, tuseme Wawiradjuri, aliyehamia pwani, lugha inayotangulia ni ya wenyeji wa pwani hiyo, na familia za Waaborijini waliohamia huulizwa maoni yao mapema ili wasijione wamerukwa.

Anzeni kwa ramani. Taasisi ya taifa ya AIATSIS, iliyoko Canberra na iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ramani ya lugha na makabila, pamoja na hifadhidata ya Austlang inayoorodhesha lugha moja moja. Shirika la First Languages Australia lina ramani ya mtandaoni iitwayo Gambay. Zote mnaweza kuzitazama bure.

Ramani ni mwanzo tu, kwa kuwa mipaka yake ni ya kukadiria na majina huandikwa kwa njia tofauti. Baada ya kuitazama, nendeni kwenye baraza la ardhi la Waaborijini la eneo lenu. New South Wales ina mabaraza ya namna hii zaidi ya 100. Ulizeni swali moja la wazi: lugha ya hapa ni ipi, na ni wazee gani wanaoisemea?

Hatua ya 2: Ombeni idhini kwa njia inayoeleweka

Milango iko mitatu. Wa kwanza ni wazee wenyewe. Wa pili ni kituo cha lugha, yaani ofisi ya jamii inayokusanya kamusi, rekodi na walimu. Wa tatu ni chombo cha ushauri wa elimu cha Waaborijini. New South Wales kinaitwa AECG, na kina matawi katika miji mingi ambayo shule za serikali huyaendea kwa ushauri.

Kwa eneo la Kigumbaynggirr kituo ni Muurrbay, ushirika wenye makao Nambucca Heads, ulioanzishwa mwaka 1986 na wazee waliotaka lugha yao irudi midomoni mwa wajukuu. Leo Muurrbay inasaidia lugha saba za pwani hiyo, zikiwemo Kibundjalung na Kigathang. Victoria, ulizeni VACL iliyoko Melbourne. Adelaide, ulizeni Kaurna Warra Karrpanthi. Perth na kusini magharibi, ulizeni kituo cha Noongar Boodjar.

Mnapokwenda kuonana na wazee, fuateni adabu ya huko. Mzee huitwa Aunty au Uncle hata kama si ndugu yako, kama sisi tunavyomwita mtu mzima mama au baba bila kuuliza ukoo. Mwalimu mkuu aende mwenyewe, asitume barua pepe peke yake. Ombi lisemwe kwa ufupi: tungependa watoto wajifunze lugha ya hapa, mnaionaje, na mngependa tufanye nini? Kisha nyamazeni msikilize.

Idhini ikitolewa, iandikwe. Hati ya ukurasa mmoja au miwili inatosha: nani amekubali, lugha gani itafundishwa na kwa tahajia ipi, nani anafundisha, analipwaje, na vifaa vitakavyotengenezwa ni mali ya nani. Wekeni pia tarehe ya kukutana tena kila mwaka. Kuomba idhini hakulipiwi ada. Kinachotakiwa ni muda. Msipange kufungua somo muhula ujao. Jipeni walau nusu mwaka wa mazungumzo.

Hatua ya 3: Jueni lugha yenu iko katika hali gani

Mtaala wa Australia una mwongozo maalumu wa lugha hizi, nao unawagawa wanafunzi katika njia tatu. Ya kwanza ni ya watoto wanaoikuta lugha nyumbani, kama watoto wa Kiwarlpiri wa Yuendumu katika Northern Territory, ambako shule ilianza kufundisha kwa lugha mbili mwaka 1974. Ya pili ni ya watoto wageni wanaojifunza lugha ambayo bado inazungumzwa. Ya tatu ni ya ufufuaji, pale lugha inaporudishwa kutokana na kumbukumbu za wazee na maandishi.

Miji mingi ya kusini na mashariki iko kwenye njia ya tatu, na njia hiyo haina aibu. Kikaurna cha Adelaide kilikaa miongo mingi bila mzungumzaji hodari. Lakini mwaka 1840 wamisionari wawili Wajerumani, Teichelmann na Schürmann, walikuwa wamechapisha sarufi na orodha ya maneno yapatayo 2,000. Wazao wa Wakaurna, wakisaidiana na wanaisimu, walianza na nyimbo za watoto kutokana na maandishi hayo, na leo Kikaurna kinafundishwa, kinaandikwa kwenye mabango ya mji na kinatumika katika hotuba.

Ikiwa lugha yenu ni ya kufufua, kubalini mambo mawili. Kwanza, kuna maneno ambayo hayajulikani, na kazi ya kuyatafuta au kuyaunda ni ya wazee na kituo cha lugha. Mwalimu wa darasa asibuni. Pili, mtoto na mwalimu watajifunza karibu pamoja. Mwalimu akiwa mbele kwa masomo matano tu, bado anaweza kufundisha vizuri.

Hatua ya 4: Nani asimame darasani?

Mpangilio unaofanya kazi ni wa watu wawili: mwenye lugha, ambaye ni Mwaborijini aliyekubaliwa na jamii yake, na mwalimu wa darasa, anayejua kuongoza watoto na kupanga mafunzo. Mwenye lugha hahitaji shahada ya ualimu ili kuanza. Hata hivyo asiachwe peke yake na watoto 25, na asiitwe kwa sherehe tu kisha asahauliwe.

Kila mtu mzima anayefanya kazi na watoto anahitaji kibali cha ukaguzi wa mwenendo. Jina lake hutofautiana kwa jimbo. Queensland, kwa mfano, wanakiita kadi ya bluu. New South Wales maombi hufanywa mtandaoni, kisha mwombaji huthibitisha utambulisho wake kupitia Service NSW. Kibali hudumu miaka 5. Anayejitolea halipi, anayelipwa mshahara hulipia ada, na ni uungwana shule ikambebea gharama hiyo. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kukipata, kwa maana wengi walizaliwa bila kusajiliwa.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, chuo cha ufundi cha TAFE NSW kimekuwa kikitoa vyeti vya lugha za Waaborijini vya ngazi ya 1 hadi 3. Chuo Kikuu cha Sydney kina shahada ya uzamili kwa walimu Waaborijini wanaofundisha lugha zao, na Chuo Kikuu cha Charles Sturt kina kozi ya Kiwiradjuri. Ada hubadilika, na wanafunzi Waaborijini mara nyingi hupata punguzo au msamaha, kwa hiyo pigeni simu chuoni kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe kiweje?

Vipindi vifupi vya mara kwa mara hushinda kipindi kirefu cha mara moja. Dakika 30 mara mbili kwa wiki, pamoja na dakika 5 za salamu kila asubuhi, zinafaa kwa watoto wadogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Chukua kipindi cha kwanza cha Kigumbaynggirr kwa watoto wa darasa la kwanza. Watoto wanakaa duara. Aunty anasema *giinagay*, yaani hujambo, na kila mtoto anamsalimia jirani yake mpaka salamu izunguke duara lote. Kisha anaweka mkono kifuani na kusema *ngaya*, mimi; anamnyooshea mtoto kiganja na kusema *nginda*, wewe. Watoto wanarudia kwa mikono, wawili wawili. Baada ya hapo zinatoka kadi za picha: *gaagal*, bahari, *dunggiirr*, koala, yule mnyama wa mitini. Kadi zinafichwa chumbani, na anayeipata moja lazima aitaje kabla ya kukaa. Mwisho wote wanasema *darrundang*, asante. Maneno sita yanatosha. Wakati huo mwalimu wa darasa amekaa duarani pamoja na watoto, anatamka nao, halafu anayaandika maneno yale kwenye karatasi kubwa ukutani ili yatumike wiki nzima.

Kipindi kinachofuata kianze na maneno yaleyale ndani ya sentensi fupi. Hapo ndipo shule nyingi hukwama: watoto wanajua rangi, wanyama na namba, lakini hawawezi kusema nataka maji. Tangu mwezi wa kwanza, wafundisheni maneno ya amri na maombi ya darasani, kama njoo, kaa, sikiliza na nipe, na mwalimu ayatumie hata katika somo la hesabu.

Mtaala wa lugha za Waaborijini wa New South Wales unapatikana mtandaoni bila malipo, na unaeleza mtoto anategemewa kufika wapi kila baada ya miaka miwili. Hautaji lugha moja; mnaujaza kwa lugha yenu.

Hatua ya 6: Vitabu, rekodi na haki za wenyewe

Ulizeni kwanza kilichopo. Kituo cha lugha huwa na kamusi, vitabu vya hadithi na sauti zilizorekodiwa. Mradi wa 50 Words wa Chuo Kikuu cha Melbourne unakuwekea mtandaoni maneno 50 ya kila lugha iliyoshiriki, yakitamkwa na wenyewe, bure. AIATSIS inahifadhi kanda na maandishi ya miaka mingi, na ina utaratibu wa kuzirudishia familia na jamii nakala za kumbukumbu zao. Maombi hayo yafanywe na familia au kituo cha lugha.

Mkitengeneza vyenu, zingatieni haya:

- Kila kitabu, wimbo au video ipitiwe na wazee kabla ya kutumika, na jina la jamii yenye lugha liandikwe kwenye jalada.
- Msiweke rekodi ya mzee mtandaoni bila idhini yake ya maandishi. Kukubali kurekodiwa kwa ajili ya darasa si kukubali kurekodiwa kwa ajili ya dunia.
- Hadithi nyingine ni za wanaume tu, nyingine za wanawake tu, nyingine za mahali fulani. Mzee akisema hii haifundishwi, neno limekwisha.
- Kabla ya kuonyesha picha au kusikilizisha sauti ya marehemu, toeni tahadhari na ulizeni familia yake.

Itagharimu kiasi gani?

Gharama kubwa ni moja: malipo ya mwenye lugha. Hiyo msiifanyie ubahili. Mwalimu mkuu aulize idara ya elimu na kituo cha lugha kiwango cha saa, kisha aongeze nauli na muda wa maandalizi, kwa sababu kipindi cha nusu saa huandaliwa zaidi ya nusu saa. Gharama za kati ni kamusi, uchapaji wa kadi na vitabu, na mafunzo. Gharama ndogo ni karatasi, chai na chakula cha mikutano. Idhini, ramani, mtaala na kibali cha anayejitolea havina ada.

Fedha hutoka wapi? Kwanza, bajeti ya shule yenyewe. Somo likiwa kwenye bajeti ya kawaida linaishi. Likitegemea ruzuku pekee, hufa ruzuku inapoisha. Pili, serikali ya shirikisho ina mpango wa lugha na sanaa za wenyeji wa asili, na mwaka 2022 ilitenga dola milioni 14.1 za Australia kwa ajili ya walimu wa lugha hizi katika shule za msingi 60. Tatu, New South Wales ina mfuko wa lugha za Waaborijini, uitwao Aboriginal Languages Trust, ulioanza kazi mwaka 2020. Ruzuku za namna hii kwa kawaida hulengwa kwa vyama vya Waaborijini wenyewe. Shule isiombe kwa jina lake kisha ikamwajiri mzee kama kibarua. Isaidie chama cha jamii kuandika ombi, na fedha zipite mikononi mwao.

Hatua ya 7: Lugha itoke nje ya geti la shule

Saa moja kwa wiki haitazaa mzungumzaji. Ndiyo maana mwaka 2013 New South Wales ilianzisha viota vitano vya lugha, yaani mitandao inayounganisha shule, vyuo na jamii katika lugha moja, Kigumbaynggirr kikiwemo. Na mwaka 2022 Waaborijini wa Coffs Harbour walifungua shule yao wenyewe, Gumbaynggirr Giingana Freedom School, ya kwanza katika jimbo hilo kufundisha kwa Kiingereza na lugha ya Waaborijini. Haikuzuka kutoka hewani. Iliota juu ya miaka mingi ya madarasa ya jioni, kambi za watoto na kamusi.

Nyinyi mnaweza kuanza kwa madogo. Bandikeni majina ya lugha ya mahali kwenye milango ya madarasa na maktaba. Wazazi wafunguliwe darasa la jioni mara moja kwa wiki, ili mtoto apate wa kuzungumza naye nyumbani. Tembeleeni mahali penye majina yake ya asili: Coffs Harbour, kisiwa cha Muttonbird kinaitwa Giidany Miirlarl, na mtoto aliyesimama pale akalisikia jina hilo kwa mwenyewe hatalisahau. Halmashauri ya mji iombwe kuweka vibao vya lugha mbili, baada ya wazee kukubali.

Je, sisi wahamiaji inatuhusu? Na Kiingereza cha mtoto hakitaharibika?

Inawahusu. Mtoto wako anaishi kwenye ardhi hiyo, anaketi na watoto wa wenyeji, na kuwasalimia kwa lugha yao ni adabu ambayo wewe mwenyewe ungemfundisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi yako ni kuunga mkono: hudhuria mikutano, jitolee kuchapa vitabu au kupika siku ya sherehe, na useme kwenye kamati ya wazazi kwamba unalitaka somo hili. Uamuzi kuhusu lugha ubaki kwa wenyewe.

Kuhusu Kiingereza, usiogope. Mtoto wa Bukavu hukua na Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni, na hakuna anayemwona ameharibikiwa. Tena watoto wetu wana faida. Maneno mengi ya lugha hizi huanza na sauti ya *ng'* ya ng'ombe, au *ny* ya nyumba. Wenzao waliozoea Kiingereza pekee husumbuka nazo. Wetu huzitamka siku ya kwanza. Hakikisha tu kwamba Kiswahili nacho kinasemwa nyumbani, maana mtoto anayeona lugha ya wazazi wake ikiheshimiwa huelewa upesi kwa nini wenzake wanaitaka ya kwao.

Tutajuaje kwamba tunafanikiwa?

Msihesabu maneno peke yake. Baada ya mwaka mmoja jiulizeni: wazee bado wanakuja, na wanakuja kwa furaha? Mwenye lugha amelipwa kwa wakati? Watoto wanasalimiana kwa lugha hiyo uwanjani bila kuambiwa? Watoto wa Waaborijini wanalipenda somo? Likikosekana jibu zuri kwa swali la kwanza, simamisheni mengine mkazungumze na wazee.

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Tazama ramani ujue shule ya mwanao imesimama kwenye ardhi ya nani. Muulize mwalimu mkuu kama shule imewahi kuzungumza na wazee wa hapo, na lini. Kama haijawahi, omba suala hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa wazazi, na ujitolee kuwa mmoja wa watakaokwenda kubisha hodi.